Kichwa hakina spea: barua ya wazi kwa viongozi wa chama chetu cha baiskeli

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na Wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji.

YAH: HELMETI KWENYE SAFARI ZA MAZOEZI, NA MATUNZO YA WANACHAMA WANAOUMIA

Waheshimiwa viongozi,

Salamu nyingi. Jambo ninaloliandika hapa nilitamani tulimalize ndani ya nyumba. Barua yangu ya kwanza nilimkabidhi Katibu mwenyewe, wakati huo mkono wangu wa kulia ungali kwenye plasta na mke wangu ndiye aliyeniandikia. Ya pili niliileta miezi miwili baadaye. Ya tatu niliisoma kwa sauti kwenye mkutano mkuu. Mkanisikiliza, mkanipa pole, mkasema Kamati italiangalia. Ni miezi mitano sasa. Jumamosi zote hizo watu wameendelea kuondoka alfajiri vichwa wazi, na baadhi yao ni wanafunzi.

Sina ugomvi na mtu. Mmoja wenu alinifundisha kuziba pancha kandokando ya barabara. Mwingine alinisukuma mgongoni karibu kilomita nzima siku nilipoishiwa nguvu mlimani. Kwa wema huo nimevumilia kuliko nilivyopaswa. Sasa naandika hadharani ili kila mwanachama, na kila mzazi aliyetukabidhi mtoto wake, ajue nimeomba nini na nini hakijajibiwa.

KILICHOTOKEA

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nikifunga mkanda wa helmeti asubuhi, kisha nakumbuka dari la hospitali. Katikati nasimuliwa. Tulikuwa watu 14, tunashuka mteremko kwa mwendo wa kama kilomita 40 kwa saa, tumefuatana karibu karibu kama kawaida yetu. Gurudumu la mbele la mwenzetu mmoja liligusa la nyuma la aliyemtangulia. Akaenda chini. Mimi na kijana aliyekuwa ubavuni kwangu hatukuwa na pa kukwepea, tukampitia juu.

Mimi nilikuwa nimevaa helmeti. Kijana, mwenye miaka 17 wakati huo, aliiacha nyumbani kwa sababu haikuwa siku ya mashindano. Wazazi wake wameisoma barua hii kabla yenu na wameniruhusu kuandika habari zake bila kumtaja jina.

Mimi nilipiga kichwa, nikainuka mwenyewe. Kiongozi wa safari akaniuliza kama niko sawa, nikajibu niko sawa. Nikapandishwa tena kwenye baiskeli na nikaendesha kilomita sita hadi mwisho. Wenzangu wanasema njia nzima niliuliza swali lilelile: tunaelekea wapi. Jioni nilitapika mara tatu, na mke wangu akaniwahisha hospitali.

Kijana naye aliinuka. Hili ndilo linaloniumiza hadi leo. Aliinuka, akauliza baiskeli yake iko wapi, akakaa kwenye nyasi akisema kichwa kinamuuma. Aliongea vizuri, akajibu maswali, basi akaonekana mzima. Akapewa lifti ya gari hadi kwao. Haikupita saa moja, mama yake akawa anamwamsha na haamki. Fuvu lilikuwa limepasuka na damu ilikuwa inajaa kati ya fuvu na utando wa ubongo. Madaktari wanaijua hali hii vizuri: mgonjwa hupata kipindi cha nafuu, anazungumza na kutembea, huku damu ikiendelea kuujaza ule uwazi na kuubana ubongo. Alifanyiwa upasuaji usiku uleule.

Leo, miezi 14 baadaye, anatembea, ingawa mguu wa kushoto unaburuza anapochoka. Akisoma dakika kumi lazima apumzike. Mwezi uliopita aliniambia taratibu, akitafuta kila neno, kwamba anataka kurudi kwenye baiskeli. Nilishindwa kumjibu, kwa sababu sikujua nani hapa chamani angempokea na kwa utaratibu gani.

Helmeti yangu iko mezani mbele yangu ninapoandika. Kwa nje, upande wa kulia juu ya sikio, kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole, na punje za kokoto za lami bado zimeng'ang'ania humo. Ukiigeuza na kubandua kisponji cha ndani, unauona ufa unaotoka kwenye tundu la hewa hadi ukingoni. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unafunguka na kufumba kama mdomo wa samaki. Pale ufa ulipoanzia, lile povu gumu limebonyea na kuwa jembamba kuliko kwingine. Hiyo ndiyo kazi ya helmeti. Povu linapopondeka, kichwa hupata nafasi na muda kidogo zaidi wa kusimama, na ule muda mdogo ndio unaopunguza nguvu inayofika kwenye ubongo. Povu likishapondeka halirudi. Limetumika.

Ajali mbili si utafiti, hilo nalijua. Lakini utafiti upo. Jake Olivier na Prudence Creighton wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walikusanya tafiti 40 zenye waendesha baiskeli waliojeruhiwa zaidi ya 64,000, wakawalinganisha waliovaa helmeti na wasiovaa. Kwa waliovaa, uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 51, wa kuumia kichwa vibaya asilimia 69, na wa kufa kwa jeraha la kichwa asilimia 65. Nakala niliiambatisha kwenye barua ya pili.

MALALAMIKO YANGU

1. Kanuni ya helmeti inatumika siku ya mashindano tu.

Kanuni zetu zinasema hakuna kuanza mashindano bila helmeti, na siku hiyo mnakagua kweli. Lakini mashindano yetu ni machache kwa mwaka, ilhali safari za mazoezi ni kila wiki, kwenye barabara zilizo wazi kwa malori, mabasi na mbwa. Siku ya mashindano barabara hufungwa na gari la wagonjwa hutufuata nyuma. Yaani tunalazimishwa kujikinga siku tuliyo salama zaidi, na siku zenye hatari tunaachiwa uamuzi.

Tena baadhi ya viongozi wa safari wenyewe hawavai. Kijana wa miaka 17 hasomi kanuni. Anamtazama aliye mbele yake.

Wakubwa wa mchezo huu walishapita njia hii na ikawagharimu. Mwaka 1991 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, lilitaka helmeti iwe lazima kwa waendeshaji wa kulipwa. Waendeshaji wakagoma kwenye mashindano ya Paris–Nice, kwa hoja zilezile za joto na uhuru wa mtu kuchagua, na shirikisho likarudi nyuma. Julai 18, 1995, kwenye Tour de France, Fabio Casartelli wa Italia, bingwa wa Olimpiki ya Barcelona 1992, alianguka akishuka mlima wa Col de Portet d'Aspet bila helmeti na akafariki siku hiyohiyo. Kanuni haikubadilika. Machi 2003, kwenye Paris–Nice ileile, Andrey Kivilev wa Kazakhstan alianguka, naye kichwa wazi, akafariki kesho yake. Hapo ndipo kanuni ikaja: kuanzia Mei 5, 2003 helmeti ikawa lazima. Mwanzoni waliruhusiwa kuivua kwenye mlima wa mwisho, baadaye ruhusa hiyo nayo ikaondolewa. Kutoka mgomo hadi kanuni ni miaka 12. Sisi tayari tuna kijana aliyepasuliwa kichwa. Sijui Kamati inasubiri nini zaidi.

2. Helmeti za stoo ni hatari.

Baada ya kupata nguvu nilikwenda stoo na nikazikagua moja moja zile mnazoazima vijana wapya. Kuna zenye ufa kama wa kwangu. Kuna mbili ambazo kibano cha kidevuni kimevunjika na mkanda umefungwa fundo. Nyingine imebonyea kisogoni, na hakuna ajuaye ilianguka na nani wala lini. Zote zilirudishwa rafuni baada ya ajali kwa sababu ganda la nje lilionekana zima. Mzazi anayemwona mwanawe amevaa kofia ile analala usingizi, na kumbe mtoto amebeba pambo.

Helmeti iliyopigwa haitengenezwi kwa gundi. Inakatwa mkanda na kutupwa, ili asije mtu akaiokota na kuivaa.

Na hata zilizo nzima, hakuna anayewafundisha vijana kuzivaa. Wengi huzisukuma kisogoni hadi paji lote la uso linabaki wazi. Ukingo wa mbele unatakiwa kukaa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na chini ya kidevu ibaki nafasi ya kidole kimoja. Tikisa kichwa: ikicheza, kaza. Dakika tatu zinatosha kumwonyesha mtu.

3. "Uko sawa?" si kipimo.

Aliyeniuliza kama niko sawa namheshimu na simlaumu, maana hakuna aliyewahi kumfundisha. Lakini ubongo ulioumia ndio uleule unaoulizwa swali, na utajibu uko sawa. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hutokea bila mtu kuzimia hata kidogo. Mtu husimama, huongea, hutabasamu, na hajui siku ya leo.

Mwongozo wa wataalamu wa michezo duniani uko wazi: anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo haendelei siku hiyo, hata akisisitiza. Ubongo ambao haujapona ukipata pigo la pili, madhara yanaweza kuwa makubwa mno, na kwa vijana kuna hatari ya ubongo kuvimba ghafla na kuua. Kilomita zangu sita baada ya kuanguka zilikuwa kamari, na niliyeicheza sikuwa na akili zangu timamu.

Kila kiongozi wa safari anapaswa kuzijua kwa moyo dalili za kukimbizwa hospitali bila mjadala: kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida au kutoamka, mboni za macho zisizolingana, degedege, kulegea mkono au mguu, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, maji yasiyo na rangi au damu puani au masikioni. Na aliyepiga kichwa harudishwi nyumbani kulala peke yake. Anaachwa na mtu aliyeelezwa cha kutazama.

4. Hatuhesabiani.

Siku ile watu watatu wa mbele walifika mwisho bila kujua kwamba nyuma kuna ajali. Septemba 26, 2024, kwenye mashindano ya dunia mjini Zürich, Muriel Furrer wa Uswisi, mwendeshaji wa ngazi ya vijana, alianguka sehemu yenye miti na akakaa muda mrefu bila mtu kujua. Alifariki siku iliyofuata. Kama hilo linatokea kwenye mashindano ya dunia, sisi tunaotoka bila hata orodha ya majina tunategemea bahati.

5. Gari la wagonjwa likiondoka, chama nacho kinaondoka.

Hapa ndipo nataka mnisikilize zaidi, kwa sababu helmeti inazungumzwa walau kidogo, lakini kupona hakuzungumzwi kabisa.

Wiki ya kwanza mlikuja wengi. Kundi la WhatsApp lilijaa pole. Wiki ya tatu mlikuja wawili. Mwezi wa tatu plasta ikatolewa, na tangu siku hiyo nikawa naulizwa mbona siji mazoezini. Mmoja wenu aliniambia mbele za watu: "Mbona umeshapona, mshukuru Mungu." Namshukuru, kila siku. Ila nilikuwa sijapona.

Mfupa una tarehe. Nilivunjika mfupa mdogo chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, ambao ni maarufu kwa kujificha: picha ya kwanza haikuuonyesha, ukaonekana kwenye ya pili baada ya siku kumi. Unapata damu kidogo, kwa hiyo hupona taratibu. Lakini daktari aliweza kunionyesha kwenye picha ulipofikia. Wiki baada ya wiki nilikunja taulo na kulikamua, nikazungusha kiganja, nikapima nguvu, na namba zikapanda.

Ubongo hauna tarehe. Watu wengi wenye mtikisiko hupata nafuu ndani ya wiki chache. Mimi nilikuwa katika wale wachache wanaobaki nyuma. Mwanga wa dirishani ulinichoma. Vijiko vikigongana kwenye sinki nilihisi vinagongwa ndani ya fuvu. Nilianza sentensi na kuisahau katikati. Siku moja nilimfokea binti yangu wa miaka sita kwa sababu alicheka kwa sauti, akaanza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitembea hivyo wiki nzima. Hakuna plasta ya kuonyesha jambo hilo, na kwa sababu haionekani, mlidhani halipo.

Nilijifungia gizani wiki mbili kwa sababu mtu mmoja wa chama alinishauri nilale tu hadi kila kitu kiishe. Ni ushauri wa zamani. Wataalamu sasa wanasema pumzika siku moja au mbili, kisha anza mwendo mdogo: kutembea, halafu baiskeli iliyosimama mahali pamoja, mapigo ya moyo yakipandishwa kidogo kidogo, kila hatua ikipewa angalau siku nzima, na dalili zikizidi unarudi hatua moja nyuma. Kushindana ni hatua ya mwisho kabisa, na ni kwa ruhusa ya daktari. Hayo nilielezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo mwezi wa pili. Karatasi moja kutoka kwenu ingeniokolea wiki hizo.

Na iko hofu. Niliporudi barabarani mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, asubuhi ya Jumapili, njia isiyo na magari. Kwenye mteremko mdogo, mfupi kiasi kwamba mtoto angeushuka akiimba, vidole vilikaza breki hadi misuli ya mikono ikauma siku mbili. Nilishuka nikaitembeza baiskeli. Aliyewahi kuanguka vibaya ananielewa. Hofu hiyo hupungua mtu akiwa na mwenzake wa kumsubiri chini ya mteremko, na hilo ni jambo ambalo chama cha baiskeli kinaweza kulitoa kuliko hospitali yoyote.

Tunapenda kusimuliana habari za mabingwa waliorudi. Egan Bernal wa Colombia aligonga basi lililosimama Januari 24, 2022 akiwa mazoezini, akavunjika pingili za mgongo, paja na mbavu, mapafu yakatobolewa. Agosti mwaka huohuo alikuwa kwenye mashindano tena. Fabio Jakobsen wa Uholanzi alirushwa kwenye vizuizi karibu na mstari wa kumalizia kwenye Tour ya Poland, Agosti 5, 2020, akawekwa usingizini na madaktari na uso wake ukashonwa upya. Mwaka uliofuata alishinda hatua tatu za mashindano ya Vuelta ya Hispania. Nami nimezisoma habari hizo na zimenitia moyo usiku mwingi. Lakini nyuma ya kila mmoja wao kulikuwa na timu: daktari, mtaalamu wa viungo, mtu wa kupiga simu kila asubuhi. Kijana wetu ana mama yake.

6. Hakuna daftari la ajali.

Nilimwomba Katibu idadi ya walioumia kwa miaka mitatu iliyopita. Haipo. Bila daftari kila ajali itaonekana ni bahati mbaya ya mtu mmoja.

YALE MNAYONIJIBU

Mmeniambia helmeti haizuii ajali. Ni kweli kabisa, na haizuii kila jeraha. Kiwango cha Ulaya cha EN 1078 huipima kwa kuidondosha, ndani yake kukiwa na kichwa bandia, kutoka kimo cha karibu mita moja na nusu kwenye chuma bapa. Kile cha Marekani cha CPSC hutumia kama mita 2. Mkasema vipimo hivyo ni vidogo mno kwa mwendo wetu. Lakini mtu anapoanguka barabarani, mwendo wa kwenda mbele mara nyingi huishia kwenye kuburuzika, na pigo la kichwa kwenye ardhi hutokana zaidi na kimo alichoanguka. Kimo hicho kinakaribiana na cha kipimo. Ukigonga lori uso kwa uso hesabu ni nyingine, na wapo waliokufa wakiwa wamevaa. Hilo halimfanyi aliyeweza kuokoka avue.

Mmesema Uholanzi watu wengi huendesha bila helmeti na wako salama. Uholanzi ina njia za baiskeli zilizotengwa na magari, na wengi huko huendesha taratibu wakienda kazini au shuleni. Kwenye mteremko ule sisi tulikuwa 14, gurudumu kwa gurudumu, kwenye barabara ya malori. Na kuna nchi zilizochukua njia nyingine: jimbo la Victoria, Australia, lilifanya helmeti kuwa lazima barabarani Julai 1, 1990, na New Zealand ikafuata Januari 1994. Kama sheria hizo hupunguza watu hamu ya kupanda baiskeli, wabishane wanaotunga sheria za nchi. Mimi nazungumzia kanuni ya chama, kwa watu waliojiunga kwa hiari na tayari wanaivaa siku ya mashindano.

Mmesema mtu mzima ajiamulie. Basi vipi wasio watu wazima? Na hata mtu mzima, akianguka hajiamulii tena chochote. Wanaobeba uamuzi ule ni mke, mama, na mtoto anayetembea kwa ncha za vidole.

Mmesema kila mwanachama alisaini fomu kwamba chama hakihusiki na majeraha. Nilisaini. Fomu ile inaweza kuwaokoa mahakamani, lakini sikuwaandikia kwa sababu ya mahakama.

Joto nalielewa. Ndiyo maana helmeti za baiskeli zina matundu. Kuhusu fedha, naomba Mweka Hazina aangalie kiasi tunachotumia kwa jezi mpya na makombe kila mwaka.

NINAYOOMBA

Kwanza, kuanzia safari ya Jumamosi ijayo, asiye na helmeti asiondoke na kundi. Kanuni ianze na viongozi wenyewe, na asiye nayo aazimwe iliyo salama badala ya kufukuzwa.

Pili, helmeti zote za stoo zikaguliwe ndani ya wiki mbili mbele ya wanachama, na zilizopigwa zikatwe mikanda na kuharibiwa hapohapo. Nitakuja kusaidia.

Tatu, kila kiongozi wa safari apate mafunzo ya huduma ya kwanza na ya kutambua mtikisiko wa ubongo, na abebe orodha ya majina na simu za ndugu. Anayeshukiwa kuumia kichwa asipande baiskeli siku hiyo. Asipewe lifti ya nyumbani bali ya hospitali.

Nne, ateuliwe mtu mmoja wa kufuatilia majeruhi hadi warudi. Si mpaka plasta itoke, hadi warudi. Awe na utaratibu ulioandikwa wa hatua za kurudi, na mwenzake wa kumsindikiza majeruhi kwenye safari zake za kwanza.

Tano, lifunguliwe daftari la ajali, na lisomwe kila mkutano mkuu.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likitaja tarehe ya kuanza kwa kila ombi, au sababu ya kulikataa. Nikipata jibu nitalisambaza kwa walewale watakaosoma barua hii, bila kupunguza neno.

Jumamosi ijayo nitakuwa pale tunapoanzia safari, saa kumi na mbili asubuhi. Kijana atakuja na mama yake. Hataendesha, daktari wake bado hajamruhusu. Ameomba awe yeye wa kukagua mikanda ya wenzake kabla hawajaondoka, na nimemwambia nitamwombea ruhusa kwenu. Naiomba hapa.

Wenu katika mchezo,

Mwanachama wenu wa miaka tisa